Kasuku Aliyefundishwa Kuamuru

Zama zile wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali kila asubuhi, kiangazi kikali kiliingia katika nyika ya Mavumbani. Mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Nyasi ziliungua kwa jua, na mawingu yakawa yanapita juu kwa juu, kama wageni wasiotaka kuingia ndani.

Mfalme Simba aliona huo ni utovu wa adabu. Alipanda juu ya kichuguu akayaamuru mawingu yasimame. Hayakusimama. Akanguruma. Yakapita. Akanguruma kutwa nzima, na kesho yake tena, vumbi likimwingia kooni, mpaka sauti yake ikakatika kama kamba iliyochakaa. Alipotaka kumwita mlinzi wake, kilichomtoka kilikuwa mnong'ono tu, kama majani makavu yanayoburutwa na upepo.

Simba akajifungia pangoni. Mfalme asiyeweza kunguruma atamwambia nini nani?

Walioijua siri hiyo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Fisi, mlinzi wa mlango wa pango, ambaye hakuwahi kukutana na chakula akakipisha. Wa pili alikuwa Sungura, mshauri wa Mfalme. Ushauri wa Sungura siku zote ulikuwa mzuri, hasa kwa Sungura.

Na siku zile Sungura alikuwa na shida yake mwenyewe. Maji yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu: kwenye kisima alichokichimba Mama Ngiri kwa meno yake yaliyopinda, katikati ya mchanga wa mto. Kando ya kisima Mama Ngiri alikuwa na kishamba cha kunde, ambacho alikinywesha kwa maji yanayomwagika. Hakumnyima mtu maji. Sharti lake lilikuwa foleni: aliyewahi ndiye anayeanza. Sungura, ambaye hapendi kuamka mapema, kila siku alijikuta nyuma ya Twiga, akitazama magoti.

"Shikamoo, Mama Ngiri," alikuwa akisema kwa sauti ya asali. "Naona leo kunde zimestawi."

"Marahaba. Zimestawi. Rudi kwenye foleni."

Basi siku Simba alipowaita Sungura na Fisi pangoni awaulize afanye nini, Fisi ndiye aliyewahi kujibu.

"Supu ya mifupa, Mtukufu. Mifupa mingi. Mimi nitaionja kwanza."

Sungura alikohoa kidogo. "Mtukufu, wakubwa hawasemi wenyewe. Wakubwa husemewa."

"Na nani?" alinong'ona Simba.

"Na ndege. Kuna kasuku wadogo wa kijani pale kwenye mkwaju. Ukimfundisha mmoja neno, analishika. Wewe utaninong'oneza mimi, mimi nitamfundisha yeye, na yeye atawatangazia raia. Hakuna atakayejua kwamba koo lako... limepumzika."

Simba alilipenda hilo neno, limepumzika. Alilitafakari kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Ana nyama?" aliuliza Fisi.

"Ana sauti."

"Basi hana nyama," alisema Fisi kwa huzuni.

Sungura alipaka ulimbo kwenye tawi la mkwaju. Kundi la kasuku liliporuka asubuhi, mmoja alibaki amenasa miguu, akipiga kelele. Alikuwa ndege mdogo wa kutosha kiganjani, kijani kibichi, mwenye doa jeusi kila shavu kama wenzake wote. Sungura akamsafisha ulimbo kwa majivu, akamwita Kidoti, akamtia kwenye tundu la matete alilolitundika mlangoni kwake.

Somo la kwanza lilikwenda vibaya. Sungura alisimama mbele ya tundu, akapanua kifua, akapaza sauti. "Sema: Kwa amri ya Mfalme!"

Kidoti alirukia upande wa pili, akajibana kwenye matete.

"Sema!" Sungura akaligonga tundu kwa fimbo. Alipoingiza mkono amkamate, Kidoti alimng'ata kidole mpaka damu ikatoka.

Akajaribu njaa. Aliondoa mtama wote, akasema, "Neno kwanza, chakula baadaye." Kufika alasiri Kidoti alikuwa amejitunisha manyoya kama furushi la pamba, macho yamefumba nusu, hata kung'ata hawezi. Sungura akaingiwa na hofu. Kasuku aliyekufa hatangazi kitu.

Fisi alipita kuchungulia. "Akifa," alisema kwa upole, "usijisumbue kuzika. Niite."

Sungura akamrudishia ndege mtama haraka. Kisha akafanya jambo ambalo hakulizoea: aliamka mapema. Alikwenda akajilaza chini ya mkwaju, akawatazama kasuku wa porini wanavyoishi.

Hakuona kasuku hata mmoja akimfokea mwenzake. Walikaa wawili wawili, bega kwa bega, wakichambuana manyoya ya shingoni. Aliyetaka kusema alisogea karibu, akainamisha kichwa, akatoa sauti ile ile taratibu, tena na tena, kama anayembembeleza mtoto. Jua lilipopanda walishuka kisimani wakaoga kwenye maji yaliyomwagika, wakapigapiga mabawa kwa furaha. Halafu walirudi mtini kutafuna magome, si kwa njaa, bali midomo isiwe mirefu. Na giza lilipoingia walinyamaza wote, wakalala fofofo.

Sungura ana tabia nyingi, lakini ujinga si mojawapo. Alilihamisha tundu kutoka mlangoni penye upepo akaliweka pembeni, penye kivuli na mwanga wa kutosha. Kila asubuhi aliosha kikombe cha maji. Aliweka kifuu cha nazi cha kuogea na kijiti cha mkwaju cha kutafuna. Jioni alilifunika tundu kwa kipande cha mkeka. Na badala ya kumkodolea ndege macho, alikaa upande, akimtazama kwa pembe ya jicho, maana amkodoleaye ndege macho kwa kawaida anataka kumla. Alitia punje za mtama kiganjani, akaingiza mkono mlangoni, akautuliza pale mpaka ukafa ganzi.

Mwanzo Kidoti hakusogea. Baadaye alisogea hatua, akarudi nyuma. Kisha asubuhi moja aliruka akatua kiganjani, mwepesi kama hayupo, akala punje, akapanda kidole hadi kidole. Alipokwisha shiba alisaga mdomo wake polepole, jinsi kasuku wanavyofanya wakiwa na raha, akafumba macho pale pale mkononi.

Sungura hakuthubutu kupumua. Moyo wa yule ndege ulimdunda kiganjani kwa kasi, na kwa muda mfupi alisahau kisima, akasahau kunde, akasahau hata magoti ya Twiga.

Kisha akakumbuka.

"Kwa amri ya Mfalme," alimnong'oneza. "Kwa amri ya Mfalme. Kwa amri ya Mfalme."

Kidoti aliinamisha kichwa, akasikiliza. Na asubuhi moja mkeka ulipofunuliwa, sauti kali, nyembamba, isiyo na wasiwasi wowote, ilisema: "Kwa amri ya Mfalme!"

Tangazo la kwanza lilitolewa juu ya kichuguu, wanyama wote wamekusanyika. Sungura alilinyanyua tundu. Simba alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu, na Kidoti aliufikisha kikamilifu.

"Kwa amri ya Mfalme! Mfalme hajambo!"

Wanyama walitazamana. Hawakuwa wamewahi kusikia mfalme akiamuru kwamba hajambo.

"Mbona haji mwenyewe kusema?" aliuliza Twiga.

"Ametuma kinywa chake rasmi," alijibu Sungura. "Kuanzia leo, kinachotoka humu ndicho Mfalme alichosema. Atakayeuliza swali amemuuliza Mfalme."

Fisi aliramba midomo, kuonyesha kinachowapata wanaomuuliza Mfalme maswali. Basi wakapiga makofi.

Mambo yalikuwa hivyo kwa siku kadhaa. Halafu Sungura, akiwa na ndege mkononi na foleni kichwani, akajiuliza kuna ubaya gani wa amri moja ndogo ya nyongeza. Asubuhi ile Kidoti alitangaza: "Kwa amri ya Mfalme! Sungura anywe kwanza!"

Foleni ilipasuka katikati kama nguo. Hata Twiga alisogeza magoti. Sungura alikunywa polepole, akasukutua, akatema pembeni. Maji yale yalikuwa matamu kuliko maji yoyote aliyowahi kuyanywa.

Iliyofuata ilikuwa: "Kunde ziletwe! Kunde zichemshwe!"

"Tangu lini Simba anakula kunde?" aliuliza Mama Ngiri.

"Tangu amri ilipotoka," alisema Sungura.

Chungu kikubwa kikatengwa mbele ya pango, Fisi akawa mpishi mkuu. Kunde zilizoiva zilikwenda nyumbani kwa Sungura kwa njia ya nyuma, na Fisi akapewa haki ya kulamba chungu. Kila alipokilamba alitia kichwa chote ndani, na sauti yake ikatoka humo ikivuma: "Mfalme adumu!"

Ndani ya pango, Simba alisikia harufu ya kunde akauliza kuna nini. "Raia wanakushukuru, Mtukufu," alijibu Sungura. "Mambo ni mazuri mno."

Sungura aliacha kumwamkia Mama Ngiri. Akawa anasimama mbele yake, kimya, akingoja kuamkiwa yeye. Mama Ngiri naye akawa anangoja, wakabaki wanatazamana. Ni kutazamana huko kulikozaa amri ya tatu: "Kwa amri ya Mfalme! Ngiri ahame!"

Siku hiyo Mama Ngiri alikwenda moja kwa moja hadi pangoni, wanawe wakimfuata mikia juu. Fisi alimzuia mlangoni.

"Nataka kumsikia Mfalme mwenyewe," alisema Mama Ngiri.

"Umekwisha msikia," alisema Sungura, akitokea nyuma ya chungu. "Amesema kwa kinywa chake rasmi."

"Kinywa rasmi! Hicho ni kinywa cha kupasulia mtama, Sungura. Mimi sina ugomvi na ndege. Nataka aniambie Simba, kwa sauti yake, kwamba kisima nilichokichimba kwa meno yangu si changu."

"Bwana Fisi," alisema Sungura, "huyu mama anauliza maswali."

Fisi alitazama wale watoto wa ngiri, mmoja baada ya mwingine, mate yakimdondoka. Mama Ngiri aliwakusanya wanawe akaondoka. Alihamia mlimani kwenye mawe matupu, na kuanzia siku hiyo alishuka kila asubuhi kupanga foleni ya kisima chake mwenyewe, nyuma ya wote. Alinywa, akawanywesha watoto, akapanda mlima.

Sungura akanenepa. Na kadiri alivyonenepa, ndivyo alivyomsahau Kidoti. Ya nini kumbembeleza ndege ambaye amekwisha jua kazi? Mtama alimmwagia kwa siku nyingi mara moja, ukalundikana, nusu yake ikaanguka chini kupitia matete. Maji yalikaa mpaka yakaota utelezi. Kifuu cha kuogea kilikauka. Mkeka alisahau kuushusha jioni, na ndege akawa halali vizuri. Sungura hakuwa tena na wakati wa kukaa upande wa tundu. Alikuja, akamtoa tunduni kwa haraka, akasema neno la siku, akaenda zake kula.

Kasuku hakuumbwa kuishi peke yake. Kidoti alianza kujinyofoa manyoya ya kifuani, moja moja, mpaka ngozi ikaonekana. Na kutwa nzima aliita. Aliita kwa lugha yake ya porini, na alipochoka aliita kwa lugha aliyofundishwa. "Kwa amri ya Mfalme! Kunde ziletwe!"

"Kelele!" alifoka Sungura kutoka ndani.

Lakini wenzake walisikia. Siku ya kwanza alikuja mmoja, akatua juu ya tundu, akachungulia. Kisha wakaja wengine, kwa ajili ya mwenzao na kwa ajili ya ule mtama uliomwagika. Punde ukumbi wa Sungura ukawa kijani kutwa. Walikula, wakamchambua Kidoti manyoya ya shingo kupitia nafasi za matete, wakainamisha vichwa na kumsikiliza. Naye aliwaambia aliyoyajua, taratibu, tena na tena. Sungura alikuwa amelala, ameshiba.

Asubuhi moja, wanyama wakiwa kwenye foleni, sauti ilitoka juu ya mkwaju. "Kwa amri ya Mfalme! Kunde ziletwe!"

Swala, ambaye hukimbia kwanza akafikiri baadaye, alikimbia akaleta kunde, akaziweka chini ya mti.

Sungura alicheka mpaka akashika tumbo. Aliona sasa amri zinajitangaza zenyewe, hana haja hata ya kubeba tundu.

"Kwa amri ya Mfalme!" ilisema sauti nyingine kutoka tawi jingine. "Ngiri anywe kwanza!"

Kicheko kilimkauka. "Hapana," alisema. "Hiyo siyo."

Mama Ngiri alikuwa tayari anatembea kutoka mwisho wa foleni kuja mbele, bila haraka, wanawe nyuma yake.

"Nimesema hiyo siyo!"

"Siyo kwa vipi?" aliuliza Mama Ngiri. "Sauti ni ile ile. Maneno ni yale yale. Au unauliza swali, Sungura?" Akainama, akanywa.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mrama. Kila mti ulikuwa na kasuku, na kila kasuku alikuwa na amri. Maneno waliyoyajua yalikuwa machache, lakini waliyachanganya wapendavyo. "Kunde hajambo!" "Ngiri ziletwe!" "Mfalme anywe kwanza!" Swala alikimbia huku, akaitwa kule. Nyumbu walihama asubuhi wakarudi jioni. Fisi, ambaye jina lake kasuku walilisikia Sungura akiliita kila saa, alitangaziwa ahame. Alifunga mifupa yake yote kwenye ngozi kuukuu akakaa njiani analia, mpaka alipotangaziwa kwamba Fisi hajambo, akarudi.

Sungura aliona hatari. Alilibeba tundu mbio hadi kichuguuni, mbele ya pango, akaita mkutano.

"Sikilizeni!" alipaza sauti. "Ndege wa mitini ni wazushi! Kinywa rasmi ni kimoja tu, na ninacho hapa. Mtazameni!" Akafungua mlango wa tundu amtoe, wamwone vizuri.

Mkono wake haukuwa umeingia humo kwa upole kwa muda mrefu. Kidoti alikwepa, akapita chini ya kidole, akaruka. Alizunguka mara moja juu ya vichwa vya wanyama, akatua kwenye mgunga ulio kando ya pango, katikati ya kundi la kijani, kila mmoja na doa jeusi kila shavu.

"Yupi?" aliuliza Twiga, akinyoosha shingo.

"Kidoti!" aliita Sungura. "Kidoti, njoo!" Alinyoosha kiganja. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. "Njoo, mwanangu."

Mgunga mzima ulijibu kwa pamoja: "Kwa amri ya Mfalme!" Kisha mmoja wao, pengine yule mwenye kifua kilichonyonyoka, pengine mwingine, hakuna aliyejua, akamalizia: "Sungura ziletwe! Sungura zichemshwe!"

Fisi aligeuza kichwa polepole, akamtazama Sungura, akatazama chungu. Uso ukamng'aa.

"Bwana Fisi," alisema Sungura, akirudi nyuma. "Kaka. Umesikia vibaya. Amesema 'zichemshwe'. Zi! Hizo ni kunde! Mimi ni 'a'. Mfalme angekuwa ananitaka mimi angesema 'achemshwe'!"

"Mimi si mwalimu wa sarufi," alisema Fisi, akimkamata masikio. "Mimi ni askari."

"Niliwadanganya!" alilia Sungura, miguu ikining'inia. "Zote zilikuwa zangu! Kisima, kunde, kuhama, zote nimetunga mimi! Mfalme hakusema hata moja! Muulizeni mwenyewe!"

"Haulizwi Mfalme," alisema Fisi, akimbeba kwenda kwenye chungu. "Wewe ndiye uliyetufundisha." Maji yalikuwa ya moto tayari, maana yalitengwa kwa ajili ya kunde. Sungura alihisi mvuke ukimpiga miguuni, akakunja magoti hadi kidevuni.

Mama Ngiri alisukuma wenzake akapita mbele. "Mshushe kwanza. Nataka nisikie vizuri alichosema."

"Amri ni amri, mama."

Na hapo ndipo sauti nyingine, changamfu, ilipotoka mgungani. "Kwa amri ya Mfalme! Mfalme ahame!"

Fisi alisimama. Alifikiri, jambo ambalo halikumjia kwa urahisi, na alipofikiri alilegeza mkono, Sungura akaanguka mavumbini. Fisi alijipangusa midomo, akaenda mlangoni mwa pango, akapiga hodi kwenye jiwe.

"Mtukufu," alisema. "Samahani sana. Mfalme ameamuru Mfalme ahame. Nikusaidie kubeba nini?"

Ndani hakukujibiwa kitu. Sungura, aliyelala kifudifudi, alijua Simba amesikia yote. Alijua pia jinsi anavyoiogopa aibu. Angeweza kukaa kimya humo ndani, wakamchemsha mshauri wake, na siri ya koo ikabaki siri. Sungura alijiuliza yeye angefanya nini kama angekuwa Simba, akaona jibu lake, akafumba macho.

Kikasikika kishindo cha miguu mizito. Simba alitoka. Alikuwa amekonda, manyoya ya shingo yamejaa vumbi, na alipofika mwangani alipepesa macho. Wanyama wakainama. Akapanua kinywa, meno yote nje, akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana.

Mnong'ono ukatoka.

"Amesema nini?" aliuliza Nyumbu wa nyuma.

"Sijasikia. Sogea."

Wakasogea. Hawakuwahi kumkaribia Simba kiasi kile wakiwa na nia ya kubaki. Mama Ngiri ndiye aliyesogea karibu zaidi, akatega sikio.

"Sikusema," alinong'ona Simba.

"Hukusema nini, Mfalme? Kisima changu?"

"Sikusema."

"Kunde?"

"Mimi sili kunde," alisema Simba, na ilionekana hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Kuhama kwangu?"

"Sikusema."

"Na huyu," Mama Ngiri aliuliza, akimwonyesha Sungura kwa pua, "kuchemshwa kwake?"

Simba alimtazama mshauri wake kwa muda mrefu sana. "Hilo," alinong'ona, "sijalisema bado."

Sungura alijikunyata. Hila zote alizokuwa nazo alizitafuta kichwani asiione hata moja. Fisi aliuliza kwa adabu kama achochee moto.

"Usichochee," alisema Mama Ngiri. "Mimi simtaki kwenye chungu. Maji ya kisima yameshuka, panahitaji kuchimbwa zaidi, na meno yangu yamechoka. Namtaka kwenye mchanga. Achimbe mpaka mvua inyeshe, na akinywa, anywe wa mwisho."

Simba aliinamisha kichwa kukubali. Sungura alianza kutambaa kuelekea mtoni kabla hawajabadili mawazo. Alipopita chini ya mgunga aliinua macho. Kundi lilikuwa linaondoka, kijani tupu dhidi ya anga, na hakuweza kumtambua aliyekuwa wake.

Nyuma yake alimsikia Mama Ngiri akiendelea. "Na wewe, Mfalme. Siku zote hizi ulikuwa humo ndani?"

"Nilikuwa."

"Hukusikia tunavyolia?"

"Niliambiwa mambo ni mazuri."

Simba mwenyewe aliyasikia maneno yake yalivyo, akatazama chini.

"Basi kaa," alisema Mama Ngiri. "Sauti huna, na hilo si kosa lako. Lakini masikio unayo, na sisi tunayo mengi ya kusema."

Simba akakaa. Alikaa pale pale mavumbini, mbele ya chungu, na Mama Ngiri akaanza. Akafuata Twiga, wakafuata Nyumbu, hata Swala akatulia akangoja zamu yake. Walisema mpaka jua likapinda. Sungura alichimba, mchanga ukimwingia masikioni, na kila alipoinuka kupumua alizisikia sauti zao kutoka mbali. Mara kwa mara walinyamaza wote, wakainamia mbele kumsikia Mfalme, kisha wakaendelea. Alingoja wamwite awashauri. Alingoja tena. Hakuna aliyekuja, naye akarudi shimoni akachimba.